Mbu mzee ndo mwenye malaria

Dada mmoja kaniandikia, nimefupisha kidogo: "Shikamoo dokta. Nina mtoto wa miaka 3, tunalala kwenye neti ya dawa kila siku, nyasi tumefyeka nyumba nzima, lakini mwaka huu kashakutwa na malaria mara 2, na ya pili ilikuwa wiki 3 tu tangu amalize dozi. Mama mkwe anasema ni kunyeshewa na mvua. Hivi hii neti inasaidia kweli? Na kwa nini nchi zingine waliimaliza malaria zamani sana, kwingine kila mwaka ni kampeni na haiishi?"

Marahaba dada, na pole kwa kuuguza. Niseme mapema mimi sio daktari wa wodini, miaka yangu mingi nimekaa na mbu, nawafuga, nawapasua, nawahesabu, kwa hiyo ukiona naegemea sana upande wa mbu unisamehe. Ila la kwanza kwenye swali lako halihusu mbu kabisa, linahusu kile kipimo cha pili.

Kile kipimo cha haraka, cha kutoboa kidole halafu mnasubiri mistari, aina iliyoenea zaidi haimtafuti mdudu mwenyewe. Inatafuta protini moja inaitwa HRP2 ambayo kimelea anayeitwa Plasmodium falciparum huimwaga kwenye damu akiwa anaishi humo. Sasa dawa ikishaua vimelea wote, ile protini haiondoki siku hiyo hiyo, inabaki inazunguka kwenye damu wiki 2, wiki 3, saa ingine hata zaidi ya mwezi. Kwa hiyo mtoto amepona malaria vizuri kabisa, wiki 3 mbele akapata homa ya virusi ambayo ingeisha yenyewe, akapimwa, mistari 2 hiyo, anaandikiwa dozi nyingine na mama yake anaenda nyumbani anailaani neti. Sisemi ndo kilichotokea kwako, sijamuona mtoto. Nasema homa ikirudi ndani ya mwezi mmoja tangu dozi, omba damu iangaliwe kwa hadubini, maana pale mtu anamuona mdudu kwa macho, kama yupo yupo kama hayupo hayupo.

Kuna uwezekano mwingine, kwamba dozi ya kwanza haikuua wote. Dawa za mseto zimeundwa kwa vitu 2 makusudi. Kimoja ni cha jamii ya artemisinini, kinaua haraka sana ila kinaisha mwilini ndani ya masaa tu, na cha pili kinaua polepole ila kinakaa siku nyingi kikiwafagia waliobaki. Ile iliyozoeleka zaidi ina dozi 6 kwa siku 3, ya pili inatolewa masaa 8 baada ya ya kwanza (hapa ndo wengi wanakosea, wanangoja kesho) na inataka tumboni kuwe na chakula chenye mafuta kidogo, hata maziwa, ndo iingie vizuri kwenye damu. Mtoto akitapika ndani ya nusu saa dozi ile inarudiwa. Wengi siku ya pili wakiona mtoto anacheza wanaziweka zilizobaki kwenye droo, "za siku nyingine". Hizo za kwenye droo ndo zilikuwa kazi ya kuwamaliza waliojificha.

Na uwezekano wa tatu, kweli kaumwa na mbu mpya. Haya, tuje kwa mbu, na hapa univumilie nianzie mbali maana bila hii stori neti yako huwezi kuielewa.

Tarehe 6 Novemba 1880, daktari wa jeshi la Ufaransa anaitwa Alphonse Laveran alikuwa Constantine kule Algeria anaangalia damu ya askari mgonjwa, akaona vitu vinajipindapinda kama mijeledi. Ndo kwa mara ya kwanza mtu kumtambua mdudu wa malaria. Mpaka hapo watu wasomi kabisa walikuwa wanaamini ugonjwa unatoka kwenye hewa ya mabwawa, hata hilo jina lenyewe ni Kiitaliano, maana yake hewa mbaya, kwa hiyo mama mkwe usimcheke sana, yuko na wenzake wenye digrii zao. Sawa, mdudu kaonekana, ila anaingiaje mwilini? Patrick Manson, Mskoti aliyegundua kuwa minyoo ya matende inakua ndani ya mbu, akahisi na malaria ni mbu. Ila alidhani mbu akishataga anafia kwenye maji, halafu watu wanayanywa yale maji. Ronald Ross, daktari wa jeshi la Waingereza huko India, aliyekuwa anaandikiana barua na Manson kila mara, akajaribu kweli, akawapa watu maji yenye mbu waliokufa wakanywa. Hamna kitu cha maana.

Akapoteza kama miaka 2 anapasua mbu wasio wenyewe, hadubini yake skrubu zimeshika kutu kwa jasho lake mwenyewe, lenzi yake ya kuchungulia imepasuka. Halafu tarehe 20 Agosti 1897, akiwa Secunderabad, akapasua mbu wa aina nyingine, mwenye madoa kwenye mabawa, aliyekuwa amemnyonya mgonjwa mmoja anaitwa Husein Khan, ambaye alikuwa analipwa anna moja (hela ndogo ya India ya wakati huo) kwa kila mbu anayemng'ata. Kwenye ukuta wa tumbo la yule mbu akakuta vifuko vya duara vyenye punje nyeusi ndani, punje zile zile anazozijua kutoka kwenye damu ya wagonjwa. Mbu huyo alikuwa na siku 4 tangu anywe ile damu. Kesho yake akapasua mwenzake wa siku 5, vifuko ni vile vile lakini vimekua vikubwa zaidi.

Hapo kwenye "vimekua" ndo pana kila kitu dada. Watu wanasifia ugunduzi kwamba mbu analeta malaria, mimi naona kikubwa zaidi ni kwamba mdudu anahitaji MUDA ndani ya mbu. Mbu hachukui malaria kwa huyu na kuimwaga kwa yule dakika hiyo hiyo kama sindano chafu. Mwaka 1898 Ross akamalizia kazi akiwa Calcutta kwa kutumia malaria ya ndege, akaona vifuko vinapasuka, vinamwaga wadudu wembamba kibao, na hao wanasafiri mpaka kwenye tezi za mate za mbu, ndo kutoka hapo wanamwagwa kwa mtu mwingine pamoja na mate. Mwaka huo huo Waitaliano kina Giovanni Battista Grassi wakaonyesha hivyo hivyo kwa malaria ya binadamu na mbu wa Anofelesi, ndo jamii ya mbu wanaobeba malaria ya watu. (Ross na Grassi waligombania sifa mpaka wanaingia kaburini, Nobeli ya 1902 akapewa Ross peke yake, Grassi hakusamehe.)

Sasa huo muda ni kiasi gani? Kwenye joto la kawaida la nchi za tropiki ni kama siku 10 mpaka 14. Baridi ikizidi unarefuka, na ikishuka chini ya nyuzi 18 hivi falciparum karibu anasimama kabisa, ndo maana milimani juu malaria inakuwa kidogo hata kama mbu wapo. Mbu jike anaanza kutafuta damu akiwa na siku 2 au 3 tangu atoke majini, tena lazima huyo wa kwanza kumnyonya awe na vimelea, halafu asubiri hizo siku zote akiwa hai, halafu amuume mtu mwingine. Yaani mbu wa malaria lazima awe na kama wiki 2 za umri kwenda juu. Kwetu wiki 2 sio kitu, kwa mbu hicho ni kizee. Wengi wanakufa kabla, wanaliwa, wanapigwa makofi, wanakauka.

Nikupe hesabu, ya mfano tu. Chukua mbu 100 wamekunywa damu yenye vimelea leo. Tuseme kila siku asilimia 10 ya waliopo wanakufa. Baada ya siku 12 wamebaki kama 28 wenye uwezo wa kuambukiza. Sasa fanya kitu, chochote, kinachofanya wafe asilimia 20 kwa siku badala ya 10. Wanabaki 7. Wafe asilimia 30, anabaki 1. Hujawamaliza mbu, usiku bado unasikia wanaimba sikioni, ila wale wazee wenye malaria wameisha karibu wote. Ross mwenyewe alianza kupiga hesabu za namna hii akiwajibu waliomwambia huwezi kuua mbu wote wa dunia, na miaka ya 1950 mtafiti George Macdonald akazikamilisha akaonyesha kwamba ukigusa umri wa mbu jike unapata faida kubwa kuliko ukihangaika na idadi yake.

Kwa hiyo neti. Watu wengi wanaichukulia kama pazia la kuzuia mbu asikufikie, mimi naiona ni mtego na chambo ni nyie mliolala ndani. Mbu anafuata pumzi na harufu yenu, anatua kwenye neti anatembeatembea akitafuta tundu, dawa inamuingia miguuni, hafiki mbali. Mbu wa gambiae, yaani Anofelesi gambiae wa huku Afrika, anatafuta damu kila baada ya siku 2 au 3, kwa hiyo ili afike umri wa kuambukiza anatakiwa apite kwenye mitego hiyo kama mara 4 au 5. Ndo maana neti zikiwa kwenye nyumba nyingi hata jirani asiye na neti anapata unafuu. Watafiti walipiga hesabu kwamba kati ya 2000 na 2015 Afrika iliepushwa wagonjwa kama milioni 663, na asilimia 68 ya kazi hiyo ilifanywa na neti. Swali lako "inasaidia kweli", jibu ndo hilo, lakini neti yako moja haikulindi peke yake kama unavyofikiria, inafanya kazi pamoja na neti za majirani zako.

Na kupulizia dawa ukutani nako ni mchezo ule ule wa umri. Mbu akishashiba damu anakuwa na uzito mara 2 au zaidi ya alivyokuja, hawezi kuruka mbali, anatua ukutani karibu hapo hapo anaanza kukamua maji ya damu ayatoe nyuma apungue mzigo. Hapo ukutani ndo dawa inamsubiri. Kwahiyo aliyekuuma leo kakuuma, ila hazeeki tena.

Sasa inashindwa wapi, maana mtoto wako kaumwa. Cha kwanza, saa. Mbu wa Anofelesi wanauma sana kuanzia kama saa 4 usiku mpaka alfajiri, kilele ni usiku wa manane, lakini kuna wanaoanza mapema, jua likizama tu. Mtoto wa miaka 3 saa 2 usiku yuko wapi? Kama yuko nje kwenye mkeka au sebuleni mlango wazi, hiyo neti iko chumbani inalinda godoro. Cha pili, watoto wanalala kama wanapigana, mguu unagusa neti, na mbu anaweza kumuuma pale pale kwa nje kama dawa imeisha nguvu. Cha tatu, umri wa neti yenyewe. Hizi zimetengenezwa zidumu kama miaka 3 au kufuliwa mara 20 hivi, na ukiifua kwa sabuni kali au blichi ukaianika kwenye jua la saa 7 mchana unaiua kabla ya muda wake, ifue kwa sabuni ya kawaida isiyo kali, ianike kivulini. Neti mpya nayo ukiitoa kwenye mfuko itundike kivulini siku moja kwanza, inapunguza muwasho.

Cha nne ndo kinachoniumiza kichwa mimi kikazi: mbu wamezoea dawa. Neti za kwanza zote zilitumia dawa za jamii ya pairethroidi, ambazo ziliigwa kutoka kwenye maua ya pareto, na dawa moja ikitumika kila mahali kwa miaka 20 mbu waliokuwa na bahati ya kuvumilia ndo wanabaki wanazaana. Wapo wanaoivunjavunja dawa kwa vimeng'enya vyao kama ini linavyovunja pombe. Ndo zikaja neti za kizazi kipya. Zingine zimewekwa PBO, ambayo inawanyang'anya hivyo vimeng'enya, zingine zimeongezwa klofenapiri ambayo inaua kwa njia tofauti kabisa, inazima mtambo wa nguvu ndani ya seli za mbu. Jaribio lililofanyika Misungwi, Tanzania, likachapishwa 2022, lilikuta watoto wa upande wenye klofenapiri waliugua malaria asilimia 44 pungufu kuliko wale wenye neti za kawaida ndani ya miaka 2, na mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani (WHO) wakazipendekeza. Kwa hiyo ukiwa unapewa neti usiogope kuuliza ni ya aina gani, lebo inaandika.

Nyasi. Dada umefyeka, umepata mazoezi na nyoka wamepungua, ila kwa malaria faida ni ndogo. Mbu hazaliwi kwenye nyasi, anazaliwa majini. Na sio maji machafu ya chooni na mtaroni kama watu wanavyoamini, kule ndo nyumbani kwa Kuleksi, yule mbu wa kelele anayeleta matende. Anofelesi gambiae anapenda maji masafi yaliyotulia yenye jua, kidimbwi cha mvua barabarani, alama ya kwato ya ng'ombe, shimo la kutolea udongo wa matofali. Kwenye joto yai linakuwa mbu mzima ndani ya kama siku 10. Ukitaka kujua unachokiangalia, viluwiluwi vya Anofelesi vinalala sambamba na uso wa maji, vya Kuleksi vinaning'inia kichwa chini. Na mbu mzima wa Anofelesi akitua anainua mkia juu. Kwa hiyo mama mkwe kakosea ila hajakosea sana: mvua haimpi mtoto malaria kwa kumlowesha, inatengeneza vidimbwi, wiki chache baadaye mbu ni wengi, wiki zingine 2 wamezeeka, ndo wagonjwa wanajaa. Wazee waliona mpangilio sahihi wakataja sababu isiyo yenyewe, kama tu wale wa hewa mbaya.

Siku hizi kuna mgeni pia, Anopheles stephensi, asili yake Asia ya kusini, alionekana Djibouti 2012 na ameshasambaa Ethiopia, Sudani, Somalia na zaidi. Huyu anazaana kwenye matangi na mapipa ya maji mjini. Zamani tulikuwa tunawaambia watu wa mjini wana afadhali, huyu anaweza kutuumbua. Funika tanki.

Haya, "nchi zingine walimalizaje". Kwanza ujue malaria haikuwa ugonjwa wa tropiki peke yake, miaka ya 1922 na 1923 Urusi ilikuwa na mlipuko uliofika mpaka Arkhangelsk, karibu kabisa na bahari ya barafu. Italia ilitangazwa huru mwaka 1970 tu. Marekani walikuwa nayo majimbo yote ya kusini, wakaimaliza 1951, na ile taasisi yao kubwa ya kudhibiti magonjwa, CDC, iko Atlanta kwa sababu ilianza kama ofisi ya kupambana na malaria kusini wakati wa vita kuu ya pili. Walitumia DDT, ambayo Mswisi Paul Müller aligundua 1939 kwamba inaua wadudu, walikausha mabwawa, waliweka nyavu madirishani, nyumba zikawa bora, madaktari wakafika vijijini.

Lakini kuna kitu hawakisemi kwa sauti: mbu wao walikuwa rahisi. Kumbuka ili malaria iende lazima mbu yule yule amuume binadamu mara 2, mara ya kwanza kuchukua, mara ya pili kutoa. Mbu wengi wa Ulaya wanapenda ng'ombe kama wanavyopenda watu, saa ingine zaidi, na mbu akimuuma ng'ombe katikati amepoteza zamu. Sasa gambiae na mwenzake Anofelesi funestus wa Afrika wao ni binadamu, binadamu, binadamu. Ongeza na joto linaloharakisha mdudu, ongeza na maisha yao marefu, ndo unaona kwa nini WHO walipoanzisha mpango wa kuifuta malaria duniani mwaka 1955 sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara iliachwa nje. Walijua. Mpango wenyewe ukafungwa 1969.

Brazil walionja huyu mbu wetu. Mwaka 1930 alikutwa mji wa Natal, alivuka bahari kutoka Afrika magharibi, mwaka 1938 ukawa mlipuko wa kutisha, maelfu wakafa kwenye sehemu ambazo malaria kali hivyo haikuwahi kuonekana. Mmarekani Fred Soper akapewa kazi, akapanga vijana kidimbwi kwa kidimbwi, nyumba kwa nyumba, ukaguzi wa kijeshi kabisa, na kufika mwisho wa 1940 gambiae akawa kaisha Brazil. Bila DDT. Watu wanapenda kuitumia hii stori kusema "mbona inawezekana", ila yule alikuwa mgeni kwenye kona moja kavu ya nchi, sio mwenyeji wa bara zima.

Stori ninayoipenda zaidi ni ya Sri Lanka maana inajibu kile kipande cha "kila mwaka kampeni". Walipulizia DDT nchi nzima, wakatoka kwenye mamilioni ya wagonjwa mpaka mwaka 1963 wakahesabu wagonjwa 17. Kumi na saba! Wakaona basi, wakaacha kupulizia, hela zikaenda kwenye mambo mengine. Kufika 1968 na 1969 wakawa na zaidi ya nusu milioni. Mbu hawakuwa wameondoka popote, walikuwa wamezuiwa kuzeeka tu, wakaachiwa wakazeeka, na vimelea vilikuwa bado vipo kwenye damu za watu wachache wasiojijua. Wakarudi kazini miongo mingine, wakathibitishwa huru 2016. Algeria alikoanzia Laveran wamethibitishwa 2019, China 2021, Cabo Verde na Misri 2024. Kwa hiyo inaisha, ila kampeni za kila mwaka unazoziona sio dalili ya kushindwa, ndo bei yenyewe.

Hao "wasiojijua" wanahusu nyumba yako pia. Mtu aliyekulia kwenye malaria nyingi anajenga kinga ya nusunusu, anakuwa na vimelea kidogo kwenye damu haumwi, anaenda kazini kama kawaida, na mbu anachukua kwake. Mtoto wa miaka 3 bado hajaijenga hiyo kinga, ndo maana kwenye takwimu za WHO za 2023, vifo 597,000 duniani, asilimia 95 ni Afrika na karibu robo 3 ya hao ni watoto chini ya miaka 5. Wajawazito nao kinga yao inarudi nyuma kwa sababu vimelea vinajificha kwenye kondo la nyuma, ndo maana wanapewa zile dozi za kinga kliniki hata kama hawaumwi. Ukiwa mjamzito usizikimbie.

Kuhusu dawa za kujitibu na majani: najua mtaniambia kwinini ilitoka kwenye gome la mti wa Andes, kweli, Wafaransa Pelletier na Caventou waliitoa kwenye gome 1820. Na artemisinini ilitoka kwenye pakanga, Tu Youyou wa China akasoma maandishi ya tabibu wa karne ya 4, Ge Hong, akaona mzee anasema loweka kwenye maji ukamue, akagundua wenzake walikuwa wanachemsha wanaiua dawa, akaitoa kwa kemikali ya etha kwenye joto dogo, Nobeli ya 2015. Lakini ukisikia hivyo usiende kunywa chai ya pakanga. Kipimo cha dawa ndani ya chai hakijulikani, kinawajeruhi vimelea bila kuwaua, na hicho ndo chuo cha usugu. Klorokwini tuliipoteza hivyo, usugu ulianzia mpaka wa Thailand na Kambodia na kule Kolombia mwishoni mwa miaka ya 1950, ukatua Afrika mashariki mwishoni mwa miaka ya 1970, watoto wengi wakafa kabla sera hazijabadilika. Na sasa vimelea vinavyovumilia artemisinini kiasi vimeshaonekana Rwanda, Uganda, Eritrea, Tanzania. Kwa hiyo tunachokiharibu ndo tulichonacho.

Chanjo ipo, nimeulizwa sana. RTS,S ilipendekezwa na WHO Oktoba 2021, R21 Oktoba 2023, zote dozi 4 na zinaanzia umri wa miezi 5 hivi. Hazizuii kama ya surua, zinapunguza, na ngumu yake ni kwamba wadudu anaowaingiza mbu ni wachache na wanakimbilia kwenye ini haraka sana, huko wanakaa kama wiki wanazaana maelfu kwa maelfu ndo wanatoka kwenye damu na mtu anaanza kutetemeka. Chanjo ina dirisha dogo mno la kuwakamata. Wako ana miaka 3, ratiba ya kawaida kwake imeshapita, lakini ukipata mdogo wake mpeleke, na neti ibaki pale pale.

La mwisho, na hili sio la mbu. Mtoto akiwa na homa akaanza degedege, au hawezi kunyonya wala kunywa, au anatapika kila kitu, au amelegea haamki vizuri, anapumua kwa shida, viganja vyeupe, mkojo mweusi, hapo hakuna kuuliza mtu mtandaoni wala kumpaka kitu wala kumfukiza. Degedege watu walishaipa majina ya mashetani, mara nyingi ni malaria imepanda kichwani au homa kali, na anatakiwa afike hospitali masaa hayo hayo apate sindano ya atesuneti, dawa ya malaria kali.

Ukipata nafasi niandikie tarehe ya dozi ya kwanza na ya kipimo cha pili, neti mnayo tangu mwaka gani, na mtoto huwa anaingia kulala saa ngapi.